Maji Safi kwenye Rejeta

Baba alipotoka uwanja wa ndege, amevaa makoti mawili niliyomtumia, moja juu ya jingine, hakuniuliza habari za kazi wala za nyumba. Alinikumbatia, akaniachia, akalitazama gari langu lililokuwa likitoa moshi mweupe pale maegeshoni, akasema, "Hili linakunywa maji kiasi gani?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Linakunywa kiasi gani?"

"Halinywi maji. Ingia ndani kabla hujaganda."

"Gari lisilokunywa maji!" akajisemea, akihangaika na mlango kwa glavu zilizomzidi vidole. "Haya. Tukiishi tutaona mengi."

Huyo ndiye baba yangu. Madereva wenzake walimwita Mzee Rejeta, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Aliendesha malori tangu mimi sijazaliwa, kwenye nchi ya jua lisilo na huruma, ambako magari mengi hufa kwa kiu kabla ya kuzeeka. Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, alifungua boneti, akachungulia rejeta, akaongeza maji, akafuta mikono, ndipo akaja mezani. Nyuma ya kiti chake palikuwa na dumu la maji ambalo binadamu hakuruhusiwa kuligusa, hata awe anazimia. Mama alikuwa akipaza sauti ili majirani nao wafaidi: "Mimi nikiungua humu jikoni hakuna wa kunitilia maji, ila lori ndilo linaogeshwa!"

Na mama lazima nimweleze kidogo, maana bila yeye hamtanielewa. Mama aligombeza. Aligombeza asubuhi, akagombeza mchana, na usiku akatufunika shuka huku anagombeza. Baba akirudi safari ya siku nyingi, mtu amechoka, macho mekundu, hapokelewi na pole. Anapokelewa na, "Ndiyo saa za kurudi hizi? Na hilo shati umelifulia wapi, mtaroni?" Baba anacheka mpaka mabega yanatikisika, anavua viatu, anakaa, na hapo sasa amefika nyumbani. Lakini akija mgeni, loo, sauti ya mama inageuka asali. "Usijali, acha tu, nitaokota mwenyewe, wewe pumzika." Sisi watoto tulijua hivyo tangu wadogo: ukiona mama anaongea na wewe taratibu, ujue una homa kali au umekuwa mgeni. Mdomo huo nimeurithi mimi, wote, bila kugawana na ndugu zangu.

Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye pikapu yake. Alinifunikia usukani kwa taulo kuukuu, maana ukiushika mchana viganja vinabaki hapo hapo. Chuma cha mkanda wa kiti kilinichoma paja mpaka leo kovu ninalo. Alinifundisha nisiegeshe kwenye kivuli kilichopo bali kwenye kile kitakachokuja nikiwa ndani ya duka. Vioo havikufungwa kamwe. Upepo wa moto uliingia na vumbi lake, unakupiga usoni, unatoka upande wa pili, na sisi tunaongea kwa kupayuka kana kwamba tumegombana. Kusema kweli mara nyingi tulikuwa tumegombana. "Unaiminya breki kama unaua mende!" alinipigia kelele. "Na wewe unaongea kama redio mbovu!" nikamjibu. Hayo ndiyo mafunzo yangu ya udereva, na sijapata tena furaha kama ile.

Kisha nikaja huku kwa ajili ya kazi, nikalazimika kuwa mwanafunzi upya. Nani aliwahi kuniambia kwamba mtu huamka mapema kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kama anakwangua ukoko wa sufuria? Nilijifunza kuiacha injini ipate moto kwanza. Nilijifunza kwamba gari likiteleza hupigi breki, unalegeza mguu na kulisindikiza linakotaka kwenda mpaka likurudie. Nilijifunza kuinua waipa jioni zisimame wima, zisigande kwenye kioo. Baada ya miaka mikono ilifanya yote hayo yenyewe. Sasa ninawapeleka wagonjwa hospitali kusafishwa damu na kuwarudisha kwao, kwa gari langu mwenyewe. Ni kazi ya kuwahi, na watu wenyewe hawana damu ya kusubiri dereva mzembe.

Mama alipofariki nilikwenda kumzika. Asubuhi ya pili watu walitoka nje wakakuta waipa za pikapu ya baba zimesimama wima, na jua tayari linachoma. Jirani mmoja akaangua kicheko palepale msibani: "Jamani, gari limenyoosha mikono! Limekamatwa kwa kosa gani?" Ni mimi niliyeziinua jioni, bila hata kujua kama nimeziinua. Baba hakucheka. Alizirudisha taratibu, moja baada ya nyingine, akanitazama kidogo, akaingia ndani. Na mimi siku zile nilitokwa na vipele mwili mzima kwa joto, nikawa nashinda chooni kwa sababu pale palikuwa na sakafu ya baridi. Kwetu kulinikataa ngozi, na moyo bado unakutaka. Nililia makaburini, watu wakadhani namlilia mama peke yake.

Baba alibaki na nyumba tupu na pikapu. Nilikuwa nikimpigia simu namsikia anakula amesimama. Ndiyo maana nikamleta. Alikuja na tiketi ya kwenda na kurudi kwa sababu ndivyo sheria ya viza ilivyotaka, lakini ile ya kurudi nilipanga ioze kabatini. Vibali vingine ningevishughulikia. Nilitaka jambo moja tu maishani mwangu: baba abaki na mimi. Niamke nimkute. Anisumbue. Basi.

Wiki za mwanzo aliteseka. Nyumba yangu ina mabomba ya joto kila chumba, lakini alisema ni joto la hospitali, halina harufu. Alishinda dirishani amejifunga blanketi, anahesabu magari yanayoteleza pale kona, na kila likiteleza mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Nikaanza kwenda naye kazini. Aliketi mbele. Nyuma alikaa bibi mmoja mgonjwa wangu, tunamwita Malkia, kwa sababu hukaa wima na mkoba magotini na kuwapungia watu mkono dirishani. Hawakuelewana lugha hata neno, lakini kila gari likiyumba walikuwa wakishtuka pamoja, kisha wanatazamana kwenye kioo na kutikisa vichwa kuhusu uendeshaji wangu.

Siku moja, tumemshusha Malkia, tunamsubiri pale maegesho ya hospitali, nikawasha hita mpaka mwisho kwa sababu vidole vilikuwa vinaniuma. Vioo vimefungwa, theluji imeziba kila upande, hatuoni nje. Hita ikapuliza, ikapuliza, mpaka hewa ikawa kavu na ya moto, inatupiga usoni. Baba akavua koti la kwanza. Akavua la pili. Akafungua kifungo cha shati. Akafumba macho.

"Mama," akaniita. Ananiita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. "Unasikia?"

"Nini?"

"Hii ndiyo saa saba mchana, pale njia panda, baada ya mzani wa malori. Linalokosekana ni vumbi tu."

Nikafumba macho na mimi. Wallahi nilikuwa kwenye pikapu. Jasho lilinitiririka shingoni, na baba yangu yupo kando, na nikiunyoosha mkono naweza kumgusa. Nikaunyoosha nikamgusa.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kila tukimsubiri Malkia, hita mpaka mwisho, makoti nyuma, na porojo. Alinisimulia safari ambazo hakuwahi kunisimulia, na jinsi alivyomtongoza mama kwa kumpa lifti, naye akamgombeza njia nzima kwamba anaendesha kama anakimbia deni. "Pale pale nikasema huyu ndiye," alisema. Watu waliopita nje na skafu zao waliona gari limejaa ukungu, ndani mzee na mwanamke wamebaki na mashati mepesi kama wako ufukweni, na sijui walitufikiriaje. Mimi nilikuwa nikitamani hospitali ichelewe.

Halafu gari likaanza kuvuja. Chini ya injini, juu ya theluji nyeupe, kulikuwa na matone ya rangi ya waridi.

"Linatoka damu hili," baba akasema, ameinama.

"Mpira wa rejeta huo, klipu imelegea. Nitalipeleka kwa fundi nikipata nafasi."

"Fundi? Wa kukaza klipu?" Alinitazama kama nimemwambia nitaajiri mtu wa kunifungia kamba za viatu.

Wiki hiyo hali ya hewa ikalegea. Theluji ikaanza kuyeyuka, mifereji ikatiririka, watu wakafungua vifungo vya makoti. Tukiwa kwenye gari letu la moto, baba akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia maneno makubwa.

"Nimefikiri," akasema. "Nitakaa."

Moyo ulinilipuka. "Utakaa wapi?"

"Utakaa wapi! Hapa. Kwako. Ulitaka nikakae kwa Malkia?" Akacheka. "Ila sikai kama pambo la dirishani. Nipe kazi. Hili gari niachie mimi. Wewe endesha, mimi nilitunze."

"Lichukue, baba. Ni lako tangu leo."

"Usije ukalia."

"Nilie nini? Lichukue!"

Na hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia. Kwamba yale maji ya waridi si maji. Kwamba ni dawa inayotiwa kwenye rejeta isigande, na katika nchi hii hakuna mtu anayetia maji matupu kwenye gari, kama vile hakuna anayetia mchanga. Sikumwambia. Halikunijia hata kichwani. Nilikuwa na furaha, nikamnunulia bisibisi mpya tukiwa njiani.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilipotoka kulala mchana nilimkuta jikoni ananawa mikono, mikono myeusi, uso unang'aa kama kijana aliyepata kazi.

"Nimekaza," akasema. "Njoo uone."

Tukashuka. Chini ya gari palikuwa pakavu kabisa. Klipu ilikuwa imekazwa, imekaa sawasawa, na mpira umefutwa mpaka unameremeta. Nikampigia makofi. Naye hakuniambia kwamba kabla ya hapo aliyamwaga yale "maji machafu" yote kwenye beseni langu la kufulia, akalisuuza rejeta mpaka likatoka safi, kisha akalijaza maji ya bombani hadi juu, akawasha injini yakazunguka kote. Angeniambia ili iweje? Kwake kutia maji kwenye rejeta si habari ya kumsimulia mtu.

Jioni hiyo nilipika, tukala, tukapanga chumba chake kitapakwa rangi gani. Akataka njano. Nikamwambia njano ni rangi ya uji uliochacha, akaniambia macho yangu yameharibiwa na theluji. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu nihame kwetu.

Baridi ilirudi usiku huohuo. Ilirudi kwa hasira, ile baridi ambayo ukivuta pumzi matundu ya pua yanashikana. Asubuhi nikashuka kwenda kumchukua Malkia. Nikazungusha ufunguo. Gari likakoroma, likanyamaza. Nikazungusha tena, nikasikia mlio ambao dereva hatakiwi kuusikia, wa chuma kinachokwaruzana na kitu kisichokubali. Nikafungua boneti. Rejeta lilikuwa limevimba, na barafu imechungulia kwenye mfuniko. Nikapapasa bloku ya injini kwa kidole. Ufa ulikuwa pale, mrefu, na ndani yake barafu safi isiyo na rangi yoyote.

Nilijua kabla sijageuka.

Baba alikuwa amesikia mlio ule kutoka ghorofani. Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia, viatu havijafungwa. Akachungulia. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo, na baridi ile ilikuwa inaunguza kuliko moto.

"Barafu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Yamepasua chuma." Alinigeukia. "Ni mimi. Nilitia maji safi. Ya bombani."

Enyi watu. Mnajua mdomo wangu. Maneno yalinipanda kifuani kama maziwa yanayochemka. Yalikuwa maneno ya mama yote, kwa sauti ya mama: Hivi wewe mzee, nani amekutuma? Huwezi kuuliza? Mdomo umeupeleka wapi, umeupakia kwenye lori? Mgonjwa wangu ananisubiri, mimi nimpeleke mgongoni? Lakini nilimtazama. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Alikuwa mzee, na mdogo kuliko nilivyomjua, na nikaona nikisema atavunjika kama ile bloku. Nikauma ulimi. Mimi, nisiyejua kunyamaza, nikanyamaza. Kisha nikasema taratibu kabisa, "Usijali, baba. Si kitu. Acha tu, nitashughulikia mwenyewe. Wewe panda ukapumzike."

Akanitazama kwa muda. Akaondoa kiganja chake. Akapanda ngazi.

Malkia alipata dereva mwingine, akawahi. Fundi akaja na gari la kuvuta, akapiga mluzi alipoona ule ufa. Akasema injini hiyo ni ya kuaga. Halafu akashika ile klipu ya baba, akaichezeshachezesha, akasema, "Lakini aliyefunga hapa anajua kazi." Nilipopanda nikamwambia baba hivyo ili kumpa moyo. "Mwambie ahsante," akasema, akaendelea kutazama dirishani.

Basi kuanzia siku hiyo nikawa mwema. Sikupata kuwa mwema namna hiyo kwa mtu yeyote. Akiacha taa inawaka nilizima kimya kimya. Alipomwaga chai kwenye kapeti nilisema si kitu, kapeti lenyewe kuukuu, na kapeti lilikuwa jipya. Nilitembea kwa ncha za vidole nyumbani kwangu. Na yeye akawa mwema vilevile. "Ahsante sana, mama, usijisumbue." Akawa anakunja blanketi lake vizuri kila asubuhi na kuliweka pembeni ya kochi. Siku moja akaniuliza kama anaweza kufungua friji. Nikasema, "Bila shaka, baba." Mazungumzo yetu yakaisha hapo, na friji ikafungwa. Nilipopewa gari la kuazima na kumwita twende kumsubiri Malkia, alisema leo kifua kinamsumbua, nenda tu. Na kesho yake hivyo hivyo.

Habari ya rangi ya njano hakuitaja tena. Mimi nilinunua kopo, nikaliweka pale chumbani mlangoni alione. Alikuwa akilivuka kwa uangalifu asiliguse.

"Tarehe ya tiketi imekaribia," alisema asubuhi moja tukinywa chai.

Niliweka kikombe mezani. "Tiketi gani? Si ulisema utakaa?"

"Pikapu imekaa muda mrefu bila kuwashwa. Betri itakufa."

"Jirani ataiwasha! Baba, ni ile injini? Mimi nimeshasahau. Sijakulaumu. Nimekulaumu hata mara moja?"

"Hapana," akasema. "Hata mara moja. Umekuwa mwema sana."

"Basi kaa."

Akasukuma kikombe chake pembeni.

"Baki, baba. Tafadhali." Nililia palepale mezani, mwanamke mzima, kamasi zinaniingia mdomoni. "Mimi sina mtu huku. Nikiamka hakuna mtu. Baki."

Alinyanyuka akazunguka meza, akaniwekea mkono kichwani kama nilipokuwa mdogo. Mkono ulikuwa mzito na wa moto. "Utakuja likizo," akasema. "Uje wakati wa mvua, vipele visikusumbue." Mimi nilimjua, akishaingiza gia harudi nyuma.

Asubuhi ya safari nilishuka mapema kulikwangua gari barafu. Nikakuta waipa zimesimama wima. Jioni iliyotangulia nilichoka, nikasahau kabisa kuziinua. Alishuka yeye, peke yake, na viatu vile visivyofungwa, akaziinua. Niliegemea boneti nikashindwa kuendelea na kazi mpaka aliposhuka na begi lake.

Uwanjani alinikumbatia kwa makoti yote mawili. Kisha akayavua, akanipa, akasema huko aendako watamcheka. Nikamwona anakwenda na shati lake jepesi katikati ya watu waliovaa manyoya. Hakugeuka. Dereva hageuki, anatazama kwenye kioo, na pale hapakuwa na kioo.

Gari langu lilirudi na injini ya mtumba. Kiti cha mbele kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kama alivyokiacha, na sikukirudisha. Malkia alikitazama, akanitazama mimi kwenye kioo, akanipapasa bega kwa mkono wake wenye glavu. Nilipomshusha, nilirudi kwenye maegesho, nikawasha hita mpaka mwisho, nikavua koti, nikafumba macho. Joto lilikuja. Lakini lilikuwa joto la hita tu.

Siku moja nikampigia simu hapo hapo.

"Baba, shikamoo. Uko wapi? Mbona unasikika kama uko ndani ya debe?"

"Marahaba, mama. Niko kwenye pikapu."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nimekaa tu."

"Umeegesha kivulini?"

Akakohoa.

"Baba, umeegesha kivulini?"

"Juani."

Niliangalia saa. Kwao ilikuwa mchana wa kati, wakati ambao hata mbuzi hatoki. Nikasikia pumzi yake, nzito, karibu sana, bila upepo, bila kelele za barabara. Nikashtuka. "Vioo je?"

"Nimefunga."

"Vyote?"

"Vyote. Nimekumbuka tulivyokuwa tukikaa kwenye gari lako. Nikasema nikae huko kidogo."

Jamani, nililipuka. Sikujua hata nimeanza. "Hivi wewe mzee una akili timamu? Umejifungia ndani ya bati kwenye jua kali, uive kama kiazi? Nani amekutuma? Ukizimia humo nani atakutoa, hao majirani wanaocheka waipa? Mtu mzima, umeendesha miaka yote hiyo, watoto wadogo wanajua! Mimi huku nakuombea uzima, wewe huko unajichemsha! Unataka nije kukuzika na wewe? Eh? Nitakuja na hasira zangu, nikuzike na hilo dumu lako!"

Nilipiga usukani, honi ikalia, mlinzi wa maegesho akageuka kunitazama. Kisha nikamsikia. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha mabega, alichokuwa akicheka mlangoni akivua viatu, na kicheko kikaendelea mpaka kikabadilika, nikajua anafuta macho.

"Ungenigombeza hivi siku ile, mama," akasema, "ningebaki."

Hita ilikuwa inanipuliza usoni, jasho na machozi vinachanganyika, na theluji imeziba vioo vyote.

"Fungua vioo, baba," nikasema hatimaye, taratibu.

"Usiniambie hivyo. Niambie kama mwanzo."

Nikavuta pumzi. "Fungua vioo!" nikampigia kelele, nalia. "Fungua sasa hivi, nisikie!"

Nikasikia mkono wa kioo cha pikapu ukizungushwa, ule unaokwaruza mahali palepale tangu nijifunze kuendesha, ukazungushwa, ukazungushwa, na kelele za barabara ya kwetu zikaingia, na upepo ukaanza kuvuma kwenye simu.